Sabuni Kwenye Mitungi ya Maziwa

"Ulisema mbele ya watu! Ulisema siku moja utaiosha mitungi yangu kwa mikono yako mwenyewe. Haya, umeiosha. Roho yako imetulia sasa?"

"Mimi? Mimi niguse mitungi yako yenye masizi kama sufuria ya arusi? Mama Ilhan, nina kazi zangu!"

"Basi njoo unuse hapa kama una uso! Nusa!"

Asli, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ilhan, aliupitisha mtungi wa plastiki juu ya ua mpaka mdomo wake ukakaribia pua ya Susan. Susan alirudi nyuma, akashika kiuno. Wanawake hawa wawili walikuwa majirani tangu watoto wao walipokuwa wakitambaa. Kilichowatenganisha ni ua wa makuti uliochoka, na katika miaka yote hiyo walikuwa wamegombania kila kitu: kuku, foleni ya bomba, moshi, hata jogoo mmoja aliyekuwa akiwika kabla ya wakati. Lakini magomvi yale yalikuwa ya kupasha mdomo tu asubuhi. Ugomvi wa leo ulikuwa na machozi ndani yake.

"Maziwa yangu yote yamerudishwa kutoka hotelini," alisema Asli, sauti ikikwaruza. "Watu wamepiga funda moja la chai, wakatema. Chai inanuka sabuni! Abdirahman ameniuliza mbele ya wanaume, 'Mama, siku hizi unatuuzia maji ya kufulia?' Mimi, Asli! Mimi ambaye maziwa yangu yananyweka tangu hoteli yake ilipokuwa na meza moja!"

"Na kosa langu liko wapi hapo?"

"Mdomo wako ndio kosa. Wewe ndiye uliyesema utaiosha."

"Nilisema kwa sababu kila adhuhuri moshi wako unahamia kwangu bila kupiga hodi! Nguo zangu za kanisani zinanuka kama nyama iliyokaushwa. Lakini kusema si kutenda."

"Bora harufu ya moshi wangu kuliko ya kambare wako!"

"Kambare wangu amekukosea nini?"

Majirani waliokuwa wakipiga mswaki walisahau miswaki midomoni. Mwendesha pikipiki aliyekuwa akipita alizima injini ili asikie vizuri. Garsen ni mji wa njia panda. Habari ikishuka hapo haikosi gari la kuisambaza. Kabla jua halijapanda juu ya mabati, watu wa upande wa pili wa barabara walikuwa tayari wanasimuliana ugomvi huo, kila mmoja akiongeza chumvi kwa kiganja chake.

Rebecca, binti wa Susan, alikuwa amesimama kando ya pipa la maji, sare ya shule mwilini na kikombe mkononi. Chai yake ilikuwa imepoa. Kwenye ua kulikuwa na tundu ambalo yeye na Ilhan, binti wa Asli, walilitumia kupitishiana madaftari na maembe mabichi. Leo katika tundu hilo aliliona jicho moja tu la Ilhan, limevimba kwa kulia. Rebecca akatazama miguu yake.

Kwa maana aliyeiosha mitungi hakuwa mama yake. Alikuwa yeye.

Mambo yenyewe yalikwenda hivi. Jana yake ilikuwa siku ya soko. Wakulima walikuja na ndizi, mchele na maembe kutoka vijiji vya Wema na Golbanti, wafugaji wakaleta mbuzi na maziwa, na kama kawaida, walipoanza kuondoka waliacha nyuma kilima cha takataka. Maganda, chupa, nailoni zilizopigwa marufuku lakini bado zinajua njia ya kuja sokoni, vyote vimechanganyika. Mbuzi wanaozurura mjini humeza humo nailoni pamoja na maganda, na si mmoja wala wawili waliokufa matumbo yamevimba.

Ndiyo maana Mwalimu Jotham aliunda Klabu ya Mazingira shuleni. Kila siku ya soko, masomo yakiisha, wanafunzi waliojitolea walivaa vizibao vya kijani wakaingia sokoni. Waliwaomba wanunuzi waje na vikapu vyao. Walitenga maganda yawe chakula cha mbuzi na mbolea ya shamba, na chupa wakazikusanya kwa ajili ya mnunuzi wa plastiki aliyepita na lori lake. Mnunuzi huyo hakutaka chupa chafu, kwa hiyo klabu ilinunua sabuni ya unga, na kazi ya kuosha ikafanyika penye bomba la soko.

Msidhani walipokelewa kwa vigelegele. "Watoto wa jaa wamefika!" vijana wa mkokoteni walipiga kelele. Mama muuza nyanya mmoja aliwaambia, "Mkimaliza hapa mpite na kwangu, kuna vyombo havijaoshwa." Wengine waliwatupia maganda makusudi ili waone watafanyaje. Rebecca alikuwa akiuma meno na kuokota. Mwalimu Jotham alikuwa amesema kwamba mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote ndiye atakayekuwa kiongozi wa klabu, na Rebecca alikitaka cheo hicho mpaka akakiota.

Basi jana hiyo, nyuma ya mstari wa wauza maziwa, aliikuta mitungi ya plastiki imepinduliwa juu ya vijiti. Akachungulia ndani. Nyeusi! Akanusa. Moshi mtupu! Akajiambia, hii imeokolewa kwenye moto, hakuna mnunuzi atakayeipokea hivi. Akaitia sabuni na mchanga, akaitikisa, akaisugua kwa kijiti alichokizungushia kipande cha gunia mpaka maji meusi yakaacha kutoka. Ilipong'aa ndipo alipoona kitambaa chekundu kimefungwa kwenye kila mkono wa mtungi. Alama ile aliijua. Ilikuwa mitungi ya Mama Ilhan, ambaye wakati huo alikuwa ameenda kuswali alasiri.

Rebecca hakushtuka. Alicheka. Aliona amemfanyia jirani wema, na labda mama yake sasa angeacha kulalamika. Akairudisha juu ya vijiti vile vile, akaenda zake bila kusema neno.

Hakujua kwamba Ilhan alikuwa ameifukiza mitungi hiyo adhuhuri alipokwenda nyumbani kula, kisha akairudisha sokoni. Hakujua kwamba pikipiki ya maziwa ya jioni kutoka malishoni ingefika giza limeshaanza kuingia, na Asli angemimina haraka haraka bila kuchungulia. Miaka yote alikuwa akiuona moshi ule juu ya ua. Kwao ilisemwa ni wa kufukuzia mbu. Wengine walisema wafugaji wanapenda moshi tu, ndivyo walivyo. Tundu la ua lilitosha kupitisha embe, lakini hakuna aliyewahi kulitumia kupitisha swali.

Sasa wema ule ulikuwa umegeuka moto, na Rebecca aliuona ukishika nyasi.

Kufikia adhuhuri, midomoni mwa watu, Susan hakuwa tena ameosha mitungi; alikuwa amemwaga sabuni ndani ya maziwa. Kufikia alasiri ilikuwa si sabuni, ni dawa ya panya. Wauza maziwa wote waligoma kununua ndizi alizouza Susan sokoni. Wauza ndizi nao wakasema maziwa ya hapa hawayataki, watakunywa chai ya rangi, haijaua mtu. Mistari miwili ya wanawake waliokuwa wakipeana chenji na kushikiana watoto ikageuziana migongo.

"Hawa watu wa shamba wametuchoka," alisema mmoja upande huu, kwa sauti ya kusikika.

"Na ng'ombe walioingia mpunga wetu mwaka juzi, nao walikuwa wametuchoka?" alijibu mwingine upande ule.

Maneno ya zamani yaliyokuwa yamezikwa yakaanza kufukuliwa. Ikawa hata wanaume waliokuwa wakicheza bao mbele ya duka wakaacha mchezo, maana walijua maneno kama hayo huwa hayaishii midomoni.

Abdirahman, mwenye hoteli, ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo. Alimwambia Asli waziwazi, "Mama Ilhan, mimi nauza chai, siuzi kesi. Siku ya soko ijayo nataka nijue nani kafanya hivi na kama maziwa yako yanafaa. La sivyo nafasi yako nampa muuzaji mwingine."

Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba ya Asli. Mume wake alikuwa mbali, malishoni pamoja na mifugo, na mwaka huo nyasi zilikuwa haba.

Shuleni, Ilhan alimngoja Rebecca nyuma ya darasa.

"Mama anasema kama si mama yako, basi ni mimi," alisema. "Anasema sikufukiza. Eti niliosha kwa sabuni upesi upesi ili niwahi klabu. Nimeapa mpaka mdomo umekauka, haamini."

"Labda..." Rebecca alichora ardhini kwa ncha ya kiatu. "Labda ni upepo ulileta sabuni kutoka bombani."

Ilhan alimtazama kana kwamba amemwona mtu mgeni. "Upepo unasugua mitungi, Rebecca?"

Rebecca akaanza kupekua mkoba wake.

"Siku ya soko siji shule," Ilhan aliendelea. "Wala siku zinazofuata. Nitakaa sokoni niilinde mitungi mpaka watu waamini maziwa yetu tena. Mama amesema shule itangoja." Akafuta pua kwa kona ya hijabu yake. "Wewe umewahi kuona shule ikimngoja mtu?"

Neno lilikuwa kwenye ulimi wa Rebecca. Lilikuwa pale pale. Lakini kengele ikalia, na Rebecca akakimbilia darasani.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Ndizi za Susan ziliiva, zikatoa madoa, zikaanza kulegea. Hazikujua kungoja ugomvi uishe. Susan alizigeuza geuza, akasema, "Huyo aliyefanya jambo hili ameninyonga kwa kamba ya mdomo wangu mwenyewe. Ningemjua!" Rebecca akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Siku ya soko ilipofika, klabu ilikwenda na vizibao vyake kama kawaida, lakini soko halikuwa la kawaida. Magunia yao ya chupa yalipinduliwa hata kabla hawajayajaza. "Ondokeni na sabuni yenu!" mtu alifoka. Mwanamke mmoja alimnyang'anya mtoto wa gredi ya nne ufagio, akautupa juu ya banda. Mwalimu Jotham alikuwa akiwaambia wanafunzi wasijibu, wasijibu, huku jasho likimtiririka shingoni.

Penye mstari wa maziwa watu walikuwa wamejaa kama siku ya mnada wa ng'ombe. Abdirahman alikuwa katikati. Upande mmoja alisimama Asli, na nyuma yake Ilhan, bila sare, amekumbatia mtungi. Upande wa pili alisimama Susan.

"Mimi nimelelewa Golbanti, kwenye familia ya kanisa," Susan alikuwa akisema. "Leteni Biblia niapishwe hapa hapa."

"Kiapo kwako ni rahisi kama mate!" mtu alidakia kutoka nyuma.

"Nani huyo? Jitokeze, usijifiche nyuma ya mgongo wa shangazi yako!"

"Basi! Basi!" Abdirahman alipiga makofi. "Mama Rebecca amekana. Mama Ilhan, bado unasema ni yeye?"

Asli alimtazama jirani yake kwa muda. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kukosa usingizi. Kisha akageuka, akamshika Ilhan mkono. "Kama si yeye, basi nyoka yuko ndani ya nyumba yangu. Sema, Ilhan! Mbele ya hawa watu wote, sema uliosha kwa sababu ya uvivu!"

"Hooyo, mama yangu, walahi sikuosha!" Ilhan alilia.

Watu walianza kuzomea. Walimzomea Ilhan, ambaye kila adhuhuri alikula chakula chake amesimama ili mitungi iwahi moshi. Safari hii hapakuwa na kengele ya kumwokoa Rebecca.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akapanda juu ya kreti ya maembe.

"Ni mimi niliyeosha! Mimi! Kwa sabuni ya klabu na mchanga! Mwacheni Ilhan!"

Soko zima liligeuka kumtazama. Halafu likalipuka.

"Si niliwaambia? Hawa wa vizibao!"

"Katumwa na mama yake huyo!"

"Sikutumwa na mtu!" Rebecca alipaza sauti, machozi yakiingia mdomoni. "Niliona mitungi ni myeusi. Nilidhani ni michafu. Nilipoona ni ya Mama Ilhan nikadhani atafurahi. Halafu... halafu niliposikia ugomvi nikaogopa."

Susan alikuwa amejishika kifua. Alivuta leso yake akajifunika uso, na Rebecca aliona afadhali angepigiwa kelele. Mwalimu Jotham alipenya mpaka mbele, akavua kofia yake. "Lawama nyingine ni zangu," alisema. "Niliwafundisha kusafisha. Sikuwafundisha kuuliza."

Asli alimwendea Rebecca pale juu ya kreti. Watu wakampisha.

"Unajua uliosha nini, wewe mtoto?" Sauti yake haikuwa kubwa, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Hii mitungi ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Wenzangu walipomaliza mafuta walitupa yao mtoni. Mimi niliichukua, nikaiweka. Kila siku inakula moshi. Kila siku! Moshi wa kijiti cha porini, si kuni yoyote tu. Mpaka plastiki yenyewe ikalewa moshi. Ndiyo maana maziwa yanatoka malishoni kwenye jua hili, bila friji, bila barafu, yanafika kwenye chai yakiwa matamu. Mnapita hapa mnatuimbia, 'Tumieni vitu tena, msitupe.' Mimi nilikuwa natumia tena kabla mama yako hajakubeba tumboni!"

Watu walicheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

"Nisamehe, Mama Ilhan," Rebecca alisema.

"Samahani haihifadhi maziwa. Na sabuni nitaisahau, sabuni ni ujinga wa mtoto. Lakini uliniacha nimtukane jirani, uliniacha nimwite mwanangu mwongo, na wewe upo upande wa pili wa ua unanisikia." Akanyoosha kidole. "Kesho adhuhuri uje kwangu. Utafukiza wewe, mpaka Abdirahman aseme basi."

Abdirahman alijikuna ndevu. "Haya. Nafasi yako naiweka mpaka siku ya soko nyingine. Lakini ulimi wangu ndio utakaoamua."

Rebecca alishuka kwenye kreti, akamkimbilia Ilhan. Ilhan akampa mgongo. "Ulisema ni upepo," alisema, akaondoka na mtungi wake.

Kesho yake adhuhuri Rebecca aliingia kwa mara ya kwanza katika ua aliouchungulia maisha yake yote. Ilhan alimngoja bila salamu. Kwanza waliisuuza mitungi kwa maji ya moto na jivu, wakaianika juani, wakarudia tena na tena, kwa sababu harufu ya sabuni ni kama mgeni mbaya, haiondoki kwa kuambiwa mara moja. Ndipo Ilhan alipoweka makaa katika chungu kidogo, akavunjia vijiti vyembamba juu yake, akafunika kwa kifuniko chenye tundu. Moshi ukatoka kama uzi. Mdomo wa mtungi ukashikwa juu ya uzi huo.

"Mbali kidogo," Ilhan aliamuru. "Unataka kuuyeyusha?"

Rebecca akainua.

"Mbali sana sasa. Unafukiza mawingu?"

Macho yalimwasha, pua ikatiririka, mkono ukafa ganzi. Upande wa pili wa ua alimsikia mama yake akikohoa. Safari hii Susan hakulalamika. Alizianua tu nguo zake.

Maziwa ya kwanza yalirudi kutoka hotelini. Ya pili pia, ingawa Abdirahman alikunywa nusu glasi kabla ya kukunja uso. Wapita njia walimchungulia Rebecca na kumtania, "Bibi sabuni, leo unapika nini?" Yeye aliosha uso, akarudi kwenye chungu. Kila adhuhuri alikuja, hata siku ambayo Ilhan alikuwa na homa na ilimbidi afanye kazi yote peke yake, huku Asli akimsimamia kimya kama mwalimu wa mtihani. Kisha siku moja Ilhan alimtazama vizuri, akaangua kicheko.

"Nini?"

"Una masharubu ya masizi. Unafanana na Abdirahman."

Rebecca alicheka mpaka akadondosha kijiti. Ilhan hakusema amesamehe, lakini alikiokota kijiti hicho na kumrudishia mkononi.

Siku ya soko ilipofika tena, Asli aliunusa mtungi kwa muda mrefu, akamimina maziwa. Glasi ya chai ikawekwa mbele ya Abdirahman, na nusu ya soko ikajazana mlangoni mwa hoteli. Alipuliza. Akanywa. Akafumba macho. Akanywa tena mpaka mwisho.

"Vipi?" Asli aliuliza.

"Sina hakika," alisema Abdirahman. "Niongeze nyingine nihakikishe."

Kicheko kilichozuka hapo kilikuwa kingine kabisa, kile cha zamani. Muuza maziwa mmoja aliinuka akaenda kumuuliza Susan bei ya ndizi, akiangalia pembeni kana kwamba amepita tu. Ilhan alirudi shule, akarudi klabuni pia. Sheria ya klabu nayo ikabadilika: hakuna anayegusa chombo kabla ya kuuliza, "Hiki ni chako? Bado unakitumia?" Ajabu ni kwamba waliposikia swali hilo watu wengi waliacha kuwazomea, wakaanza kuwajibu. Asli mwenyewe, mteja akimletea chupa aliyoiokota njiani, humfukuza: "Nenda nyumbani ulete chombo chako! Maziwa yangu hayalali kwenye taka!" Sauti yake inafika mbali kuliko ya klabu nzima.

Lakini kati ya Asli na Susan bado palikuwa na ukimya, na ukimya wa wanawake wale wawili ulisumbua mtaa kuliko makelele yao. Jioni ya siku hiyo ya soko Susan alisimama upande wake wa ua na sahani iliyofunikwa. Harufu ya kambare wa nazi ilishatangulia. Rebecca alikuwa upande wa pili, akimalizia kupindua mitungi juu ya vijiti.

"Njoo hapa, Rebecca," Asli alimwita. "Na wewe, Ilhan. Sikilizeni, maana sirudii. Kitu cha mwenzako usikiite taka kabla hujamuuliza. Wewe unaona masizi, yeye anaona kazi ya mikono yake. Na kosa ni kama maziwa: ukilitoa mapema, watu watakunja uso kidogo tu. Ukilificha kwenye chombo kibaya, kesho linanukia mtaa mzima." Akapaza sauti, uso akiuelekeza kwenye ua. "Na mimi pia nilifunga kesi kabla ya kuuliza. Mwenye masikio amesikia."

"Amesikia," Susan alijibu kutoka upande wake. "Na yeye alisema maneno ambayo hakupaswa kuyasema. Moshi wenyewe, kumbe, haufukuzi mbu tu."

Asli akanusa hewa.

"Hiyo sahani ni ya nini?"

"Kambare. Najua humli."

"Nani kasema simli? Nilisema ananuka. Hata mimi nanuka moshi, na watu wananiamkia." Asli alikuwa ameshafungua mlango wa ua na kuusukuma kwa mguu. "Mama Rebecca, unasimama hapo nje kama askari wa kodi mpaka lini? Mkate wa anjera umeiva, maziwa yapo. Ingia ndani tule."